Mama, Nilivimba

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, saa tisa mchana

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Natumaini kikohozi chako cha masika kimepoa, na Bibi bado anaota jua mlangoni huku akihesabu kuku wake na kuwataja kwa majina. Katika barua zangu zote za nyuma niliandika kwamba mimi ni mzima na hofu ni kwenu tu. Leo nimeona haya kuyaandika maneno hayo kwa sababu si kweli. Leo hofu iko huku.

Mama, nilivimba.

Nimelitanguliza neno hilo ili usihangaike kulitafuta. Nimeandika kwa herufi kubwa zilizoachana, kama zile za kitabu chako cha ngumbaru, ili usome mwenyewe usimpe mtu akusomee. Niko hai, na mkono huu unaoandika ni wangu. Lakini sijasahau ulivyonishika masikio yote mawili pale stesheni ya Butere ukaniambia, "Rehema, ukivimba hata mara moja, funga mzigo urudi. Shule ziko nyingi, mtoto sina mwingine." Siku kumi na saba zimepita tangu nivimbe. Mzigo sijafunga, wala sijakuambia. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaamua.

Nianze na safari, maana hofu ilipanda treni pamoja nami. Viazi vitamu na njugu ulizonifungia vilinifikisha Nairobi tu. Tulikawia pale karibu siku nzima, na katika behewa letu alikuwamo mama mmoja mnene, mcheshi, aliyefungua kapu lake akaanza kumgawia kila mtu chapati. Nilimwambia, "Ahsante mama, nimeshiba." Tumbo langu likanguruma, wote wakalisikia. Akanitazama akasema, "Umeshiba wewe, tumbo lako je? Au unadhani nimetia dawa?" Watu wakacheka. Nilitaka kumwambia ile sheria yako, kwamba kilichoota ardhini nile, na kilichopumua, au kilichotoka kwa kinachopumua, nikiache. Nilitaka kumweleza kwamba daktari wa misheni ndiye aliyetupa sheria hiyo, baada ya maziwa kunivimbisha, kisha mayai, kisha samaki, mpaka tukaacha kujaribu. Maneno hayakutoka. Niliinama nikasoma kitabu changu cha jiografia, ukurasa mmoja kutoka Nairobi hadi Voi. Voi nikanunua ndizi kupitia dirishani, na toka siku ile nimeamini chakula chenye ganda. Ndizi, chungwa, dafu, njugu. Ganda likiwa zima, hakuna mtu aliyetia mkono ndani.

Nyumbani kwa Mjomba Saidi nilipokelewa vizuri mno, na hilo nataka ulijue kabla sijafika kwenye mabaya. Mkewe, Bi Mwanakombo, ni mwanamke wa hapa hapa Mji wa Kale, mrefu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia. Alinitolea kitanda cha kamba cha mama yake, akanishonea buibui, na kila nikirudi shule hunivua viatu kwa macho yake, kwa namna anavyonitazama kama nimechoka. Hawana mtoto. Mjomba huondoka alfajiri kwenda Kilindini anakofanya ukarani kwa wakala wa kutoa mizigo, na hurudi jioni sana akinuka wino na magunia. Alimweleza mkewe habari za ugonjwa wangu siku ya kwanza, amesimama mlangoni, anavaa kofia: "Mtoto huyu hali nyama, samaki, maziwa wala samli. Humdhuru." Akatoka. Alieleza hayo tu.

Mwanzoni nilidhani nimefika peponi. Mama, watu hawa hupika kila kitu kwa nazi! Mbaazi za nazi, mchicha wa nazi, muhogo wa nazi, hata ndizi mbichi. Asubuhi ya kwanza nilikula mahamri na mbaazi mpaka nikaona aibu. Kisha siku ya tatu nikaona kitu kama ukucha mwekundu ndani ya mchicha. Nilipouliza, Bi Mwanakombo akasema, "Ni kamba wakavu, mwanangu, wa kuutia ladha tu. Si nyama." Niliuweka mkono wangu chini. Sikuwa nimeonja. Lakini usiku ule nililala nikiipapasa midomo yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa hatari yenyewe. Huku ukiuliza, "Kuna nyama?" mtu atakujibu, "Hakuna," na atakuwa amesema kweli kabisa, na ndani ya chungu mna papa mkavu. Kwao samaki ni samaki, hahesabiwi kuwa nyama, na samli haihesabiwi kuwa kitu. Hata muhogo wa kukaanga unaouzwa jioni karibu na mnara wa taa, wenye pilipili na ndimu, ambao watu wote huusifu, nilisimama mbele yake nikamwona muuzaji akitoa samaki katika karai na kutia muhogo katika mafuta yale yale. Nikaandika maswali katika daftari langu, yalikuwa saba: Kuna nyama? Kuna samaki au kamba? Kuna yai? Kuna maziwa au mtindi? Kuna samli? Mafuta yamekaanga nini kabla? Kijiko kimetoka chungu gani? Niliyakariri kama mashairi. Nikifika mbele ya mtu mzima, nauliza la kwanza, sauti inakufa, nasema ahsante, naondoka na njaa.

Darasani walipojua hawakuninyima mzaha. "Wewe watoka kwa wala kuku, na kuku huli? Basi kwenu ulifukuzwa!" Niliwaacha wacheke. Ni mmoja tu hakucheka, msichana wa Kihindi aitwaye Manjula, anayekaa dawati la mbele yangu. Baba yake ana hoteli ndogo wasikopika nyama kabisa, dini yao haiwaruhusu. Aliniambia, "Kwetu hakuna nyama, hakuna samaki, hakuna yai. Kuja ule bila woga." Mama, nilikuwa nusura nilie. Nilimwomba Mjomba ruhusa, nikaenda naye Jumamosi mchana. Tuliketi nyuma ya pazia, mahali wanapokaa wanawake wa kwao. Dengu zikaja, wali ukaja, mboga ya bamia ikaja. Nilipouliza habari ya mayai, baba yake alishika kifua. "Yai? Hapa? Binti, wako wateja wangu hata kitunguu hawali!" Basi nikanawa mikono. Wakati ule ule mpishi akapita na kijiko, akamwagia dengu zangu samli ya moto, ikatandaa juu yake ikimeta.

Alikuwa ananiheshimu. Kwao samli ni kitu safi kuliko vyote, na mgeni hupewa zaidi. Nilisema tumbo linaniuma. Manjula alinisindikiza hadi kona, na mimi nikashindwa kumwambia hata yeye. Nilikula machungwa mawili nikiwa nimesimama barabarani, jambo ulilonikataza.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Keti kama umesimama.

Mpwa wa Bi Mwanakombo alikuwa amehitimu Kurani, na karamu ikafanywa nyumbani kwetu, Alhamisi baada ya adhuhuri. Wanawake walijaa mpaka ngazini. Mimi tangu asubuhi nilikuwa jikoni nikisaidia, na nilifanya hivyo kwa makusudi, ili nione kila kinachoingia chunguni. Nazi nilikuna kwa mikono yangu. Tui nilichuja mimi. Wali nilikaa nao mpaka ukapaliwa makaa. Haukuwa na samli, naapa, niliuona. Mchuzi wa samaki na nyama ya mbuzi vilikuwa katika bakuli za pembeni, na nilijua nitachukua wali mtupu na kachumbari. Bi Mwanakombo alinipitishia bakuli la samli wakati nakuna nazi, akasema, "Wali wako nikutilie kidogo juu?" Nikasema, "La, ahsante, sili." Akauliza tena. Nikasema tena hivyo hivyo, macho chini, kwa sauti ile uliyonifundisha mtoto wa kike azungumze na wakubwa. Akauliza mara ya tatu. Nikatabasamu, nikatikisa kichwa.

Mama, nimelifikiria tabasamu lile siku kumi na saba.

Huku mgeni mwenye adabu hukataa. Akikaribishwa hukataa mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na mwenye nyumba anayejua wajibu wake hamsikilizi, bali humpakulia. Aliyekubali upesi ni mlafi. Hata kwetu tuko hivyo, lakini si kwa nguvu namna hii. Kumbe tangu nilipofika, kila niliposema, "Sili samli," Bi Mwanakombo alisikia, "Naona haya kula vyenu." Na kila siku alinihurumia zaidi.

Tuliketi wanne kwenye sinia moja, kila mtu na upande wake. Sikujua kwamba kabla sinia halijaletwa, Bi Mwanakombo alikuwa amerudi jikoni, akautengeneza upande utakaokuwa wangu, akachimba shimo dogo katika wali, akatia samli, akafunika. Harufu ya nazi na iliki ilikuwa nyingi. Nilipiga bismillahi nikala tonge tatu. Ya tatu niliihisi laini kuliko kawaida ya wali.

Masikio yalianza. Unajua yanavyoanza, kama mtu ameyapulizia moto. Kisha mdomo wa chini ukawa si wangu. Nilisimama, nadhani nilikanyaga mguu wa mtu, nikataka kusema, "Samli," na ulimi ukakataa kugeuka. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mtazameni uso! Amekula sumu huyu!" Mwingine akasema, "Si sumu, ni jicho baya! Mwana wa watu, mweupe wa meno, mmemkalisha mbele za watu!" Na sauti ya tatu, ya kizee, ikatoka mlangoni: "Maziwa! Mpeni maziwa haraka, yataivunja sumu! Yuafa!"

Nadhani hata wewe, usingenijua, ungefanya hivyo. Sijui mahali ambapo mtu akishukiwa kula sumu hakimbiliwi kwa maziwa. Lakini nilipoliona bakuli lile likinijia, jeupe, limejaa mpaka ukingoni, likipitishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa, na nyuso zote zile zimejaa huruma, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Watu wote walikuwa wananipenda na wote walikuwa wananiua. Mmoja alinishika kichwa. Mwingine alinibana pua ili nifungue kinywa. Nilifunga meno. Wakaleta kijiko wakajaribu kuyapenyeza, nikasikia chuma kikigonga jino, na tone moja likanigusa ufizi. Nilipiga bakuli kwa ngumi. Likaruka, maziwa yakawamwagikia wageni, na yule bibi kizee akasema, "Mnaona! Jini lake halitaki maziwa! Mshikeni mikono!"

Wakanishika mikono. Pumzi ilikuwa inapita kama katika tundu la sindano. Nilimtafuta Bi Mwanakombo kwa macho, nikamwona amesimama karibu na ukuta na bakuli la pili mikononi, tayari kulileta. Akanitazama meno nilivyoyafunga. Sijui aliona nini. Bakuli likamponyoka, akajipiga kifuani kwa mikono yote miwili. "Mwacheni! Mwacheni! Si sumu, si jini! Ni mimi! Mimi nimemtilia samli!"

Vichochoro vya huku gari haliingii. Bi Mwanakombo alinibeba mgongoni mpaka chini, hakuvaa hata buibui, na wewe hujui maana ya hilo kwa mwanamke wa Mji wa Kale. Hamali mmoja alikuwa anasukuma mkokoteni wa magunia ya vitunguu. Bi Mwanakombo akamwambia, "Mwaga." Yule mtu akasema, "Bi, hii ni mali ya watu." Akamwambia, "Na huyu ni mwana wa watu! Mwaga!" Magunia yakashuka, mimi nikapanda. Nakumbuka magurudumu yakigonga mawe, na hamali akiwapigia kelele watu, "Njia! Njia! Si gunia hili, ni mtu!" Nakumbuka mkono wa Bi Mwanakombo ukinishika kidevu juu ili hewa ipite. Baada ya hapo nakumbuka dari la hospitali na sindano. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu asingekuwa na la kufanya. Sikutaka kukuandikia sentensi hiyo. Nimeiandika kwa kuwa nimeahidi kweli yote.

Nililala hospitali siku mbili. Niliporudi, hofu ilikuwa imeenea kutoka kwangu ikaijaza nyumba. Bi Mwanakombo hakunipikia tena. Kila akishika chungu huanza kulia, hukiweka chini. Alininunulia ndizi. Asubuhi ndizi, mchana ndizi, jioni ndizi na dafu. Jirani zake wawili wameacha kuja, mmoja kwa sababu ya leso iliyomwagikiwa maziwa, mwingine kwa sababu anaamini nina jini. Mimi nilipungua, nikawa nasinzia darasani. Kila nikisikia ufizi unawasha nilikuwa najitazama katika kioo cha kabati, mara kumi, mara ishirini. Nikaogopa hata maji ya mtungi, kwamba kata yake huenda ilichota maziwa.

Jumatatu iliyopita Mjomba aliniita. Alisema kwa upole, "Mwanangu, dhamana hii ni nzito. Mwisho wa mwezi nitakukatia tikiti. Nitamwandikia mamako mwenyewe." Nikasema, "Ndiyo, Mjomba." Macho chini. Nilipofika kitandani nilijichukia kwa ile ndiyo. Niko kidato cha pili, Mama. Nikirudi sasa, hakuna shule kwetu itakayonipokea katikati ya mwaka, na wewe wajua wasichana wanaorudi katikati ya mwaka huishia wapi.

Kesho yake nilimfuata Manjula uwanjani nikamwambia yote, yote kabisa, mpaka maziwa. Akasema, "Kwa nini hukusema siku ile? Mimi nilidhani unatuona wachafu." Tulikwenda kwa baba yake. Mama, nilisimama mbele ya mtu yule na wateja wake wanasikia, nikauliza maswali yangu yote saba bila kuruka moja. Hakuchukia. Alisema, "Binti, mimi nikisafiri kwenda Nairobi nabeba sufuria yangu. Kwa rafiki yangu, mtu mwema, nakunywa maji tu. Unadhani sijui kuogopa chungu cha mtu?" Kisha akasema, "Jikoni siwezi kukuingiza, mama yangu mzee hakubali asiye wa kwetu. Lakini simama mlangoni, utazame." Nikasimama mlangoni. Mama yake mzee alinikazia macho kama mwizi, huku mpishi anaosha kisufuria kwa majivu, anachemsha dengu kwa maji na manjano, anatia mafuta ya ufuta kutoka chupa mpya. Nilikula nimeshika ukingo wa meza. Sikuvimba. Tangu siku ile kisufuria kile ni changu, hutundikwa msumari wa peke yake, na kila siku ya shule mchana nakula hapo na Manjula.

Lakini hoteli haiwezi kuwa nyumba. Jana jioni nilimwambia Bi Mwanakombo, "Kesho nipikie." Akasema, "Siwezi, mwanangu, usinitie majaribuni." Nikamwambia, "Basi tupike wote." Leo asubuhi alinunua chungu kipya cha udongo sokoni Makupa, hakijaguswa na kitu. Tulipika kunde kwa tui na wali mkavu. Yule jirani wa leso alikuja kutazama, akakaa kizingitini. Chakula kilipowekwa, nilifanya jambo ambalo ungenipiga kofi kwalo. Nilimtazama Bi Mwanakombo machoni, mtu mzima, mbele ya jirani yake, nikamwuliza, "Kuna samli humu?"

"Hamna."

"Niapie."

Jirani akasema, "He! Mtoto amwapisha mkubwa wake! Ndiyo malezi ya bara hayo?"

Bi Mwanakombo hakugeuka. Akasema, "Wallahi, hamna samli, hamna maziwa, hamna kilichopumua. Na wewe ukinambia huli kitu, toka leo hata ucheke vipi sikutilii." Akala yeye kwanza tonge, akanisogezea.

Nilikula saa saba. Nakuandikia huku nasubiri, na hiyo ndiyo sababu mwandiko umeharibika pale juu. Bi Mwanakombo ameketi mbele yangu na kofia anayoishona, lakini sindano haijapita tundu hata moja, anatazama mdomo wangu. Sasa hivi wameadhini alasiri. Masikio yangu ni baridi. Mdomo ni ule ule. Ameniuliza, "Wamwandikiani mamako?" Nikasema, "Kweli yote." "Hata ile samli?" "Hata ile samli." Ameiweka kofia kando. Kisha akasema, "Basi mwulize kunde zenu huzipikaje kwa hiyo chumvi ya majivu unayoisifu kila mara, maana hizi hukuzimaliza."

Ni kweli, sikuzimaliza. Si ladha, ni woga, Mama. Bado naogopa. Naogopa kila tonge, na nadhani nitaogopa siku zote, kwako na kwa mtu mwingine yeyote. Ila zamani nilikuwa naogopa nikiwa kimya.

Nisalimie Bibi, umwambie majina mapya mawili ya kuku: Hamali na Makupa. Nisalimie mama mdogo aliyenipa shuka, nimelitumia hospitalini. Nisalimie mwalimu wangu wa darasa la saba, usimwambie haya. Mama, Manjula humjui, lakini amekutumia salamu.

Mjomba atakuandikia wiki hii, na barua yake itasema nirudi. Wewe ndiye mwenye neno. Ukiamua nirudi, mjibu yeye, nami nitafunga mzigo siku hiyo hiyo bila kulia mbele yao. Ukiamua nikae, usimjibu yeye. Mwandikie Bi Mwanakombo, umweleze kunde. Posta ikileta barua yako nitakuwa wa kwanza mlangoni, na sitahitaji kuifungua. Nitasoma tu jina uliloandika juu ya bahasha.

Mimi niliye mtoto wako wa pekee, mwenye uso wake wa kawaida hadi saa hii,

Rehema